Anti, nilishinda milioni 30 kwenye TV, leo nasuka nywele na watu wananirekodi

Shikamoo Anti. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kuandika, huwa nasoma tu shida za wenzangu nacheka, leo zamu yangu. Naomba usinitaje jina maana hapa Tanga nilishatajwa vya kutosha.

Nina miaka 26. Karibu miaka minne iliyopita nlishinda shindano la kuimba la kwenye TV, silitaji ila walioangalia wanajua. Nilitoka Muheza na nauli ya kuazima, usaili nikapita, nikaingia kumi bora, nikakaa kambini wiki kumi na kitu hivi, fainali wakanitangaza mshindi. Yale makaratasi ya rangi yakamwagika toka juu, mama akaitwa jukwaani analia, nikapewa hundi ya boksi kubwa kuliko mimi imeandikwa milioni 30. Ile hundi Anti haiingii benki, ile ni ya picha tu. Hela yenyewe ilikuja kwa awamu, kwanza milioni 10, miezi sita mbele ikaja 15 baada ya kupiga simu mpaka nikachoka, na tano iliyobaki nkaambiwa ni gharama ya kunirekodia albamu. Albamu yenyewe mpaka leo haipo.

Kabla sijalaumiwa ngoja niseme hela ilienda wapi. Nyumba ya mama Muheza milioni 9, ile ya udongo waliyokuja kuipiga picha wakati wa shindano ili watu wanionee huruma wapige kura, nimeivunja nikamjengea ya tofali vyumba vitatu na bati. IST used milioni 11 maana meneja alisema staa hapandi daladala. Chumba na sebule Sinza laki 3 kwa mwezi, nikalipa miezi sita mkupuo. Mjomba nikamkopesha milioni moja na nusu anunue bodaboda, mpaka leo nikimpigia anasema mtandao unasumbua. Zilizobaki nguo, nywele, michango ya harusi, yaani kila kadi iliyochapishwa Muheza na Korogwe ilinifikia na hawataki elfu 50, wanataka ya staa. IST nikaja kuiuza milioni 7 nikaila mwaka mzima Dar nikisubiri shoo.

Shoo zenyewe hakuna. Meneja nilisaini nae wiki ileile ya ushindi, hotelini, usiku, kila mtu anashangilia, mkataba wa miaka mitano nusu kwa nusu. Nakala sina. Tulirekodi nyimbo nne zikatoka mbili, akaunti ya YouTube iko kwake na password anayo yeye. Umebaki mwaka mmoja na miezi. Mwaka jana niliimba kwenye harusi ya binamu yangu, nyimbo tatu tu za taarabu, mtu akaposti, meneja akanipigia akasema nikiimba tena bila ruhusa yake nitamlipa gharama zake milioni 18. Toka hapo nimefunga mdomo hata bafuni naogopa.

Basi nikarudi Tanga. Kusuka nilikua nasuka toka nipo form two, ndo kilichonilipia nauli ya kwenda usaili. Sasa hivi nimekodi kiti kwenye saluni moja Makorora, nalipa elfu 5 kwa siku, nasuka knotless, rasta, yeboyebo, twende kilioni za watoto wa shule, siku nzuri narudi na elfu 40 siku mbaya na elfu 10. Nilikua nimeanza kutulia. Mwezi uliopita akaja dada mmoja nikamsuka masaa matano, kumbe alikua ananirekodi kupitia kioo, akaposti ameandika "aliyeshinda milioni 30 leo anasuka nywele za elfu 20, kweli maisha hayana formula" na emoji za kucheka. Anti ile video imetembea. Imefika mpaka Oman kwa ma mdogo. Watu wanapita saluni wanachungulia kama nipo zoo. Nafanya kazi na barakoa sasa hivi.

Mama analia kila siku, anasema ningekufa njaa Dar kuliko kumuaibisha hapa nyumbani. Mama wa mchumba wangu kasema kwenye kikao "tulidhani tunaoa staa". Mchumba mwenyewe hajasema kitu, ni dereva wa lori ni mtu wa kunyamaza. Na juzi kanipigia mtu wa kipindi kimoja cha TV, anataka niende nihojiwe jinsi nilivyofulia, atanilipa laki 3 na watakuja kupiga picha saluni. Na rafiki yangu ananiambia kuna shindano lingine linakuja nikajaribu tena, nina sauti bado.

Sasa Anti naomba unijibu, niache kusuka? Niende kwenye hicho kipindi? Nijaribu tena shindano? Au niolewe tu nikae ndani watu wasahau?

Mimi, Mshindi Mwenye Barakoa, Tanga.

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Hujambo. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kikombe cha chai, na nikwambie tu ukweli nilipofika pale kwa "kwenye kikao" nikaweka kikombe chini maana ningekirusha. Huyo mama mkwe mtarajiwa nitamrudia.

Kwanza kusuka, tulimalize haraka maana hapo sioni hata swali. Usiache. Elfu 40 kwa siku nzuri, ukiwa umekaa kwenye kiti cha kukodi, kuna watu wana digrii na tai hawazipati, na wewe unauliza uache kwa sababu dada mmoja ana simu yenye kamera? Aliyekurekodi alikaa masaa matano kichwa chake mikononi mwako, akalipa, akatoka amependeza, halafu akaenda kukucheka kwa kazi hiyohiyo aliyoitoka kuitafuta. Huyo sijui tumuitaje. Kama unataka kumchukulia hatua ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na ipo Tume yake ya kupokea malalamiko, kumrekodi mtu bila ridhaa na kumsambaza sio jambo la kuchukulia poa. Ila mimi nisingeanzia huko, nguvu zako zinahitajika sehemu nyingine yenye hela zaidi, tutafika.

Barakoa ivue. Sikushauri uringe, nakushauri kibiashara. Video imefika Oman, sawa, na ndani ya hiyo video watu wameona nini? Wameona knotless zimenyooka. Siku hizi watu wanalipia matangazo wasione hata nusu ya hao wateja, wewe umetangaziwa bure na adui. Bandika bei ukutani, bandika na namba ya saluni, anayekuja kuchungulia mwambie karibu kiti kipo wazi.

Sasa nije kwenye kinachokuuma kweli, maana sio kusuka kinachokuuma. Wewe mwanangu unahesabu maisha yako kuanzia usiku wa yale makaratasi ya rangi. Ukianzia pale, kila kitu ni kushuka, IST imeenda, Sinza imeenda, hundi ya boksi sijui iko juu ya kabati la nani. Na watu wa kwenye comment nao wanahesabu hivyohivyo kwa sababu wao siku ile ndo walikujua. Lakini mimi nimesoma barua yako yote, uliondoka Muheza msusi mwenye nauli ya kuazima na mama anaishi kwenye nyumba ya udongo. Umerudi msusi, mama analala kwenye tofali na bati. Hiyo milioni 9 ndo hela pekee katika zile 25 ambayo hakuna mtu anaweza kukunyang'anya wala kukuambia mtandao unasumbua. Mama anayelia kuhusu aibu analilia ndani ya nyumba gani? Muulize kwa heshima, ukiwa umempelekea sukari, lakini muulize.

Ushindi wenyewe tuuelewe ni kitu gani, maana watoto wengi wanadanganyika. Shindano la TV ni kipindi. Kinauza matangazo, kinauza jina la mdhamini, kinauza zile meseji za kura ambazo mpigaji anakatwa hela. Ili kiuzike kinahitaji hadithi ya mtoto wa masikini, ndo maana walikuja na kamera mpaka kwenye ukuta wa udongo wa mama yako. Siku ya fainali hadithi imeisha, wiki inayofuata wameshaanza kutafuta mtoto wa msimu ujao na ukuta mwingine wa udongo. Sio kwamba wamekutupa kwa ubaya, biashara yao ndo imeishia hapo, na yako ndo ilitakiwa ianzie hapo, tatizo hakuna aliyekwambia na aliyekuwepo pembeni yako usiku ule alikua ameshika kalamu na mkataba.

Na hili halijakutokea wewe peke yako. Angalia waliokutangulia. Walter Chilambo alishinda Bongo Star Search mwaka 2012, milioni 50 za wakati ule, akaingia bongo fleva, akaimba, lakini ukimuuliza mtu leo Walter ni nani hatakwambia mshindi wa BSS, atakwambia yule wa gospo, maana alihama akatafuta pale sauti yake inapokaa na ilimchukua miaka. Ruth Matete wa Kenya alishinda Tusker Project Fame mwaka 2012 huohuo, nae tunamjua leo kwa nyimbo za injili. Alpha Rwirangira wa Rwanda alishinda Tusker mwaka 2009, baadae akaenda zake shule, akasomea Kentucky huko Marekani. Idris Sultan alichukua Big Brother Africa mwaka 2014, dola laki 3, zaidi ya milioni 500 kwa chenji ya wakati ule, na hata yeye na hela zote zile hakukaa kuwa "mshindi wa Big Brother" kama kazi, akaingia kwenye ucheshi, redio, uigizaji. Unaona? Kila mmoja alianza kazi upya baada ya ushindi. Wewe unaona umeanguka kwa sababu umeanza upya na kitana badala ya maiki, ni hilo tu.

Halafu geuza upande wa pili. Peter Msechu hakushinda BSS, akaenda Tusker Project Fame mwaka 2010, akashika namba 2 nyuma ya Davis wa Uganda, na nani leo hamjui Msechu? Jennifer Hudson kule American Idol mwaka 2004 alitoka akiwa wa saba, wa saba mwanangu, na mwaka 2007 akabeba Oscar. Uingereza mwaka 2010 One Direction walishika namba tatu X Factor, aliyeshinda ni Matt Cardle, na ukiwauliza watoto wako wa twende kilioni wimbo wa Matt Cardle watakutolea macho. Na nyie Tanga mna mambo, mji wa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, Shakila mwimbaji alisimama na Black Star akaimba mpaka nchi nzima ikamjua na hakuna aliyempigia kura ya meseji.

Kwa hiyo kama sauti ipo, ipo. Lakini usiimbe kwanza. Na hapa ndo nataka unisikilize vizuri kuliko sehemu zote.

Mkataba. Nimekasirika kidogo na wewe hapa, vumilia. Umesaini miaka mitano ya maisha yako na huna nakala? Ukinunua kitenge Ngamiani unadai risiti! Haya limeshatokea. Kuna makaratasi mawili unayachanganya, moja ni mkataba wa shindano uliosaini kabla ya kuingia kambini, huo unahusu picha zako, zawadi na jinsi ya kulipwa, na hiyo milioni 5 ya albamu isiyokuwepo inatakiwa iwe imeandikwa humo. La pili ni la meneja, wa nusu kwa nusu. Hayo yote mawili unayahitaji mkononi. Muandikie meneja ujumbe, sio kumpigia, andika, kwa adabu kabisa, "naomba nakala ya mkataba wetu na mchanganuo wa gharama hizo milioni 18 pamoja na risiti". Asipojibu, kutojibu kwake nako ni jibu na umelihifadhi kwenye simu. Na watu wa shindano waandikie vilevile kuhusu albamu.

Ukizipata usizisome peke yako wala usimpe mchumba azisome, peleka kwa mwanasheria. Najua utasema mawakili ni hela. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wasaidizi wa kisheria wapo, kuna TAWLA ambao ni wanasheria wanawake, kuna LHRC, kile Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, uliza hata ofisi ya ustawi wa jamii hapo mjini watakuelekeza pa kuanzia. Sheria yetu ya mikataba haipendi karatasi inayomzuia mtu asifanye kabisa kazi yake halali, lakini ina mipaka yake na mimi sio wakili, ndo maana nataka mtu mwenye kazi yake asome kila kifungu. Aulizwe mambo haya, kuimba bure kwenye harusi ya ndugu kunahesabika? Meneja ambae hajaleta shoo miaka yote hiyo nae ametimiza upande wake? Milioni 18 imetoka wapi kwa nyimbo nne? Mimi nimewahi kukaa karibu na studio, nyimbo nne za milioni 18 ziwe zimerekodiwa mwezini.

Na zile nyimbo. Nani kaandika? Kama umeandika wewe nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukaangalie zimesajiliwa kwa jina la nani, maana hakimiliki ya mtunzi ni kitu kingine na rekodi yenyewe ni kitu kingine, meneja anaweza akawa na haki ya rekodi kwa sababu alilipa studio lakini maneno na melodi ni vya aliyetunga mpaka karatasi iseme vingine. Kama zimesajiliwa kwa jina lake na hukusaini kumpa, hapo ndo una cha kuongea. Password ya YouTube pia, hiyo iingie kwenye barua ya wakili. Wimbo wako ukipigwa hata na watu 200 kwa siku kuna mtu anapokea hivyo visenti na sio wewe.

Kitu kingine ambacho hukukitaja na kukosekana kwake kumenishtua, kodi. Una karatasi yoyote inayoonyesha ulilipwa kiasi gani na kimekatwa nini? Sikutishi. Ila kule Marekani mshindi wa kwanza kabisa wa shindano la TV la Survivor, Richard Hatch, alishinda dola milioni moja mwaka 2000, hakulipia kodi, na mwaka 2006 mahakama ikampa miezi 51 jela. Wewe hujafika huko na hela yako ni ndogo, lakini omba hati za malipo na uende dirishani TRA uulize, ukiwa na TIN ya kusuka itakusaidia pia siku ukitaka kukodi fremu yako mwenyewe.

Sasa kipindi cha TV. Mwanangu, mara ya kwanza walikuja na kamera kwenye nyumba ya udongo. Safari hii wanataka saluni. Hadithi ni ileile, wamegeuza tu upande, wa kwanza ulikua "masikini atakua staa", wa pili "staa amekua masikini", na katikati yake wewe unalipwa laki 3. Usiende kuhojiwa jinsi ulivyofulia, kwanza kwa sababu hujafulia, unakula, unalipa kiti, hujamuomba mtu hela. Pili ukishaitoa hiyo hadithi kwa laki 3 itakaa mtandaoni miaka kumi na kila mtoto wako atakayezaliwa ataikuta. Kama wanakutaka kweli wape masharti, mada iwe mikataba ya washindi na wewe ndo unaeleza, na usiongee neno kuhusu meneja mpaka wakili amekuruhusu maana unaweza kujiharibia kesi kwa mdomo wako. Wakikataa umejua walikua wanatafuta nini. Laki 3 ni vichwa 15 vya elfu 20, utasuka.

Shindano lingine sikukatazi. Msechu alitoka moja akaenda jingine na hakuna aliyemcheka. Lakini sio mwaka huu, au sio kabla ya wakili. Fikiria ukashinda leo ukiwa bado ndani ya mkataba wa nusu kwa nusu, nani anachukua nusu ya zawadi? Umenielewa. Subiri hiyo karatasi ife kwa tarehe yake au ifutwe. Mwaka mmoja na miezi sio mingi, na angalia sana isije ikawa na kifungu cha kujiongeza yenyewe usipotoa notisi, mikataba ya aina hiyo ipo mingi, mtu anadhani ameachiwa kumbe amefungwa tena miaka miwili. Huku ukisubiri mazoezi nyumbani hakuna anayekudai, bafuni imba, meneja hana bafu lako.

Mjomba. Milioni moja na nusu ya bodaboda, miaka minne. Bodaboda hiyo kama inatembea inaingiza hela kila siku. Usigombane nae kwa simu. Mwite mbele ya mama na mtu mzima mmoja wa ukoo, aseme atalipa ngapi kwa wiki, hata elfu 20, iandikwe, isainiwe. Akisema haipo tena aseme iko wapi. Najua ni kaka wa mama na mama atasema mwache ni mjomba wako, sasa kama mama anaona aibu mwanae kusuka asione aibu kaka yake kula hela ya mwanae? Michango ya harusi rudisha kwenye elfu 10 ya msusi, kadi wataleta nyingine tu, usiogope.

Mama yako usimchukie. Yeye siku ile alipandishwa jukwaani mbele ya nchi nzima, na Muheza walimuita mama staa, sokoni wakampisha foleni, sasa kile cheo kimeondoka na hakuna aliyemuuliza. Analia cha kwake. Mchukue siku moja umlete Makorora akae saluni toka asubuhi mpaka jioni aone wateja wanavyokungoja na jioni umuhesabie hela mkononi. Mama wengi wa kwetu kelele zao zinapungua wakiona noti.

Na huyo wa "tulidhani tunaoa staa". Umesema mchumba hajasema kitu, na umeandika kama unamsifu. Mimi sijui. Kunyamaza kwa dereva wa lori barabarani ni sawa, kunyamaza kwenye kikao mama yake akikudhalilisha ni kitu kingine. Muulize moja kwa moja, wewe ulitaka kumuoa nani? Usiulize kwa meseji, subiri arudi safari, ale, ashibe, muulize. Jibu lake lisikie, na kimya chake kisikie vilevile. Kuolewa ili "ukae ndani watu wasahau" hilo sikubali hata ukiniletea mahari mimi. Watu watasahau wenyewe, video ya mwezi uliopita tayari imezikwa na video ya jana, ni wewe tu ndo bado unaiangalia.

Anza na ule ujumbe wa meneja, leo usiku, kabla hujalala. Piga picha ya skrini ukishatuma. Akijibu niandikie alichosema, neno kwa neno, na wakili akishasoma niandikie pia. Halafu nikwambie, mwezi wa 12 nakuja Tanga kwenye shughuli ya ndugu zangu Chumbageni, kichwa changu kina mvi nyingi na nywele chache mbele. Knotless itashika au nisukwe tu twende kilioni? Na bei iwe ya ukutani, usinipunguzie.